Parachuti ya Watu Wawili

Melini, 6 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu za mtu anayelala kwenye kitanda kinachotikisika. Mimi mzima, ila tumbo bado halijakubali kwamba sakafu inaweza kutembea. Wewe je? Mikono bado inakuuma kwa kusuka? Na wateja wako wa saluni, wale wanaokuja na nywele timtim na kuondoka na habari za mtaa mzima, hawajambo? Nisalimie wote, hata yule anayesinzia akisukwa kisha analalamika umembana.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Silalamiki, nasema ilivyo. Ile bahasha niliyokuachia kwa jirani ina anwani za bandari tutakazopita, na wakala wa meli hututunzia barua. Ukipenda kujibu, utajibu.

Meli hii ni mtaa mzima umewekwa juu ya maji. Ina kinyozi, ina ukumbi wa dansi, ina wazee wanaogombania viti vya kuotea jua tangu asubuhi utadhani wanagombania urithi. Na ina lifti. Siku ya kwanza niliingia, mlango ukafunga, tukaanza kupanda, nikasikia mkwaruzo juu ya kichwa. Mtu hakai miaka yote hiyo na fundi wa lifti asijifunze kusikiliza. Nikageuka kumwambia mdogo wako, "Hiyo inataka grisi." Nikamkuta mzee nisiyemjua, ana taulo begani. Nikashuka ghorofa ambayo si yangu. Tangu siku hiyo natumia ngazi.

Najua unasema nimekuja kula raha na kaburi bado bichi. Uliyasema saluni, na ya saluni hayalali huko. Lakini wifi, safari hii aliichagua yeye. Alikuwa akisema maisha yake yote amepanda na kushuka ndani ya shimo la giza, anapeleka watu juu wakaangalie mji, yeye anaangalia ukuta. Akistaafu alitaka apandishwe mahali penye uwazi. Kabla hajaugua alishaagiza hata matembezi ya bandarini: parachuti ya kuvutwa na boti, ya watu wawili. Nilimwambia mimi hata juu ya stuli sisimami. Akasema nifumbe macho tu, yeye atanisimulia. Halafu mwishoni, akiwa kitandani, alinishika mkono akaniambia nisirudishe tiketi. Ndiyo sababu niko huku kwa miezi mitano, si kwa raha.

Lile la hospitali uliloniuliza msibani mbele za watu, naomba tuliache. Sina jibu la kukupa.

Wifi yako


Nyumbani, 2 Aprili

Kwa mke wa marehemu mdogo wangu,

Barua yako imefika. Ilikaa juu ya kabati siku kadhaa kabla sijaifungua, nilikuwa na kazi. Sisi huku hatujambo. Mikono inauma kama kawaida yake. Paka wako yupo, amenenepa na ananidharau. Nyumba yako nakwenda kuifungua madirisha kila wiki ipate hewa, kwa sababu ni nyumba ya mdogo wangu, Ngongoti, usifikirie sababu nyingine. Taa ya sebuleni imeungua. Nimeiacha hivyohivyo. Aliyekuwa akiibadilisha bila kupanda juu ya kitu hayupo.

Umeandika "wifi yangu mpendwa". Nikasoma nikacheka, mteja akadhani nakicheka kichwa chake. Wifi ni neno lenye mtu katikati. Mimi na wewe hatukuzaliwa pamoja, hatukusoma pamoja, hata chumvi ya mboga hatukubaliani. Aliyetufanya mawifi ni yeye, na ameondoka. Sasa nieleze mimi na wewe ni nani.

Yule mtoto nilimbeba mimi. Mama akienda kibaruani, namfunga mgongoni, na mimi mwenyewe sijamaliza kukua, miguu yake inaburuta nyuma, watu wanauliza nani kambeba nani. Jina la Ngongoti nilimpa mimi siku kichwa chake kilipogonga fremu ya mlango kwa mara ya kwanza. Kila kitanda alicholalia miguu ilichomoza nje, nami nilikuwa naitekenya ili aamke aende shule. Wewe ulimpata ameshakua, ameshanyooka, anajua kufunga vifungo vyake.

Nilikuja hospitali na chupa yangu ya chai, nikaja tena, nikaja tena. Kila nikifika unatoka, unavuta mlango nyuma yako, unaniambia kwa kile kisauti chako cha kuwalaza watoto wa chekechea, "Amelala, wifi." Asubuhi amelala. Mchana amelala. Jioni nimekaa kwenye lile benchi la kijani mpaka chai imepoa, bado amelala. Siku nilipoingia mle ndani nilimkuta ameshafunikwa.

Nataka sababu. Kama huna, basi usiniandikie habari za lifti.

Msusi


Bandarini, 28 Aprili

Wifi,

Utanisamehe, sina neno lingine la kukuita. Natumaini mikono imepata nafuu, na paka usimpe maziwa, yanamharibu tumbo. Mimi nimepungua. Nguo zote nilizokuja nazo sasa ni za mtu mwingine.

Barua yako niliipata nikaisoma kwenye korido, nimesimama, watu wananipita na vinywaji vyao. Sikujibu upesi kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa uongo, nikawa nachana. Leo nakuandikia jambo moja la kweli. Si lile unalotaka, lakini ni la kweli.

Tumefika bandari ya parachuti. Nilishuka kwenda kuifuta ile nafasi tu, niseme samahani nirudi zangu. Nikajikuta kwenye foleni. Wanakuvalisha koti la boya, wanakupandisha kwenye mizani, halafu mfunga mikanda anakukagua. Alikuwa bwana mmoja mwenye masharubu mazito, mcheshi. Akaitazama mizani, akanitazama mimi, akasema kwa uzito huu na upepo wa leo siwezi kwenda peke yangu, upepo utanichezea. Tena nafasi yenyewe ni ya watu wawili.

"Mwenzako yuko wapi?"

Wifi, sijui mdomo wangu ulifunguka vipi. Nikasema, "Amelala."

Kwa sauti ileile. Ilitoka yenyewe, imezoea njia. Na yule bwana wa masharubu wala hakushangaa, alicheka akasema waume wakiwa likizo ndivyo walivyo. Akaionyesha meli yetu kwa kidole, haikuwa mbali. Akasema, "Nenda kamwamshe. Tunawangoja."

Tunawangoja, sisi wawili. Nikageuka, nikaenda kweli, nimevaa koti la boya la rangi ya chungwa, gati zima wananikodolea macho. Nikapanda ngazi hadi chumbani. Chumba chetu ni cha watu wawili, kwa hiyo mhudumu anatandika vitanda vyote kila asubuhi, na upande wake anaukunja shuka vizuri kama mtu atalala. Nikakaa pembeni ya kile kitanda. Nikasema, "Amka." Nikasema tena kwa nguvu. Nikautikisa mto, wifi, nikautikisa, mimi mtu mzima, nikimwambia watu wanamngoja na boti iko tayari, na kwamba safari hii sifumbi macho, aamke tu.

Huko chini dirishani niliwaona. Abiria wengine wameshakaa, parachuti imetandazwa nyuma ya boti, yule bwana amesimama kwenye ubao wa kupandia boti anatazama ngazi ya meli yetu. Kila mtu akishuka, yeye ananyoosha shingo. Baadaye wakaondoka. Nikaona watu wengine wanapandishwa angani, wawili wawili, miguu inaning'inia.

Lile koti la boya bado ninalo. Nilisahau kulivua nikalala nalo.

Sababu unayoitaka ipo. Nilikabidhiwa, na aliyenikabidhi hayupo niende nikamwombe ruhusa. Usidhani sioni ninavyokupoteza.

Mimi


Nyumbani, 19 Mei

Kwako wewe,

Sisi wazima. Mvua imenyesha, saluni ilivuja, nimesuka watu chini ya ndoo.

Nimesoma. Kwa hiyo hata huko umesema amelala. Umeshakuwa wimbo huo. Nilitaka kukuandikia maneno makali, nilikuwa nimeyapanga vizuri, mteja wangu mmoja alinisaidia na mengine. Nimeyaacha.

Nina swali moja tu. Huyo mwenye masharubu alingoja sana?

Msusi


Melini, 9 Juni

Wifi,

Alingoja sana. Aliwaudhi wenzake kwa kungoja. Niliona wanamnyooshea mikono na yeye anatikisa kichwa.

Swali lako lilinikuta baada ya siku nyingi za bahari tupu. Nimelisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Nilipokufikiria umekaa saluni chini ya ndoo unauliza habari za mtu usiyemjua, kama alingoja, nililia, nikasema basi.

Nimepanda parachuti. Ilikuwa bandari nyingine, boti nyingine. Kuna mama mmoja ninakula naye meza moja, mwokaji mikate aliyestaafu, sisi tunamwita Mama Kofia kwa sababu havui kofia hata akila. Ni mnene, ana mikono ya kukanda unga, na moyo wake hauna mlango. Nilimwuliza kama atakwenda nami, akakubali kabla sijamaliza, kisha ndipo akauliza ni kitu gani. Walitupima pamoja, mizani ikaridhika. Yeye alikuwa uzito wa watu wawili na mimi nilikuwa kama mkoba wake.

Tuliketi nyuma ya boti, wametufunga mikanda kiunoni na mapajani. Wakatufundisha: kidole gumba juu, watuachie kamba twende zaidi, kidole gumba chini, watuvute turudi. Boti ikaondoka kwa kasi, parachuti ikajaa, nikashtukia miguu yangu haina kitu. Hakuna kuruka, hakuna kurushwa. Unaachwa tu. Nikamshika Mama Kofia mkono, nadhani alama za kucha anazo mpaka leo. Yeye alikuwa anaitukana kofia yake, imekwenda na upepo.

Nilidhani juu kutakuwa na makelele. Kumbe ni kimya, wifi. Ngurumo ya boti inabaki chini. Kinachosikika ni kamba peke yake, inakwaruza pale ilipofungwa, na nilivyosikia mkwaruzo ule nikajua ni wake. Ni kamba ya lifti, isipokuwa kuta zimeondolewa. Alikuwa sawa mdogo wako. Nilifumbua macho nikaona alichokuwa anakitaka: maji yanabadilika rangi kila yanapokwenda kina, meli yetu ndogo kiasi cha kuiziba kwa gumba, na hakuna ukuta popote. Hakukuwa na mtu wa kunisimulia, ikabidi nione mwenyewe.

Mama Kofia akaniuliza, "Na huyo mwenzio, kwa nini haamki siku zote hizi?" Maana habari ya mume anayelala ilishazagaa melini.

Nikamjibu, "Mume wangu alikufa." Sikuwahi kulisema, wifi. Msibani mlisema ninyi, nikawa naitikia. Nililisema kule juu na hakuna kilichotokea, kamba haikukatika. Mama Kofia akanyoosha kidole gumba juu, watuachie kamba zaidi tukae.

Basi na mimi nakuachia kamba. Navunja ahadi, na kama kuna mahali ananisikia, anisamehe au asinisamehe.

Sikukufungia mlango mimi. Alinituma. Kila alipokusikia kwenye korido, unavyowasalimia wauguzi kwa sauti ya kusalimia soko zima, alikuwa ananiambia, "Mwambie nimelala." Alikuwa macho. Alikuwa akikusikiliza mpaka unaondoka. Nilimsihi, nikamgombeza, nilimwambia dada yako amekaa kwenye benchi na chai. Akageukia ukutani.

Alikuwa amekwisha, wifi. Yule Ngongoti wako alikuwa amejikunja katikati ya kitanda na kitanda kimembakia juu na chini. Miguu haikufika mwisho. Alijiona. Siku moja nilimbana anipe sababu, akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Dada akinikuta hivi atataka kunibeba. Na ubaya wake ni kwamba ataweza."

Akaniapisha nisikuambie kamwe. Nikaona bora unichukie mimi kuliko kujua kwamba alikukataza. Mimi ni mtu wa nje, ningevumilia. Nilidhani ningevumilia. Siwezi. Nyumba ile nikirudi nikaikuta haina yeye na haina wewe, sijui nitaingiaje.

Uniite utakavyo. Meli inafika mwishoni mwa Julai.

Mimi


Nyumbani, 30 Juni

Wifi yangu,

Salamu kwanza, halafu mengine. Mimi sijambo, ila sijafungua saluni tangu juzi. Nimebandika karatasi mlangoni kwamba nina homa. Wateja wamekuja kuniangalia, nikatuma mtu awaambie nimelala. Nilipomsikia analisema lile neno kule mlangoni, nikaamka nikatoka mwenyewe.

Sasa nisikilize, na mimi nina langu. Nilijua.

Siyo sababu. Sababu sikuijua mpaka barua yako. Lakini kwamba ni yeye, nilijua tangu siku moja kule hospitali. Ulipotoka kuja kwangu hukuuvuta mlango ukafunga, ulibaki wazi kidogo, nami nina masikio ya msusi. Nilimsikia kwa sauti yake, "Mwambie nimelala." Halafu ukaja wewe, umejipanga uso, ukasema, "Amelala, wifi." Nikakubali. Nikakaa kwenye benchi. Kesho yake nikaja tena, nikidhani labda atabadilika. Hiyo ndiyo sauti ya mwisho niliyoisikia kwake, na hakuwa anaongea na mimi.

Nilidhani amenichukia. Nikapekua maisha yetu yote natafuta nilimkosea wapi. Nilidhani ni zile kelele nilizompigia alipochelewa kwenda kwa daktari. Nilidhani ni jina nililompa, pengine halikumfurahisha hata siku moja na mimi nacheka tu. Mtu aliyekufa huwezi kumfuata ukamwuliza. Huwezi kumnunia. Nitamnunia nani, kaburi? Wewe ulikuwepo, uko hai, una kisauti kinachoudhi. Nikakutwika wewe. Nikakuita majina mbele za watu huku najua. Na wewe ukanyamaza ukayabeba, unadhani unanificha kitu ambacho mimi ndiye niliyekuwa nakificha.

Tumefanyiana nini, wifi, wanawake wawili wazima.

Ile sentensi yake nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa chini sakafuni penye nywele za watu. Nilicheka kwanza, maana ni yeye kabisa, ile jeuri yake. Halafu ikanikamata. Kwa sababu amesema kweli. Ningembeba. Ningeingia mle ndani nikaondoa mipira yao na mito yao, nikamfunga mgongoni na wauguzi wote wanatazama, nikamtembeza korido nzima mpaka mlangoni aone nje. Ningeweza. Ndicho alichokuwa anakiogopa, na ndicho pekee nilichokuwa nakitaka.

Taa ya sebuleni kwako nimeibadilisha. Niliweka stuli juu ya meza nikapanda, jirani kashika miguu yangu anapiga kelele kuliko mimi. Kule juu kuna vumbi, na kuna alama ya kiganja chake kwenye dari, pale alipokuwa akijishikiza. Nimefuta vumbi, kiganja sijakigusa. Ukija nitakuonyesha.

Nimeuliza habari za meli yenu. Siku hiyo nafunga saluni, nitakuwa getini, utanitambua kwa makelele. Ujitokeze na hilo koti la boya, nilione. Na mizigo usiiguse, hata begi la mkononi. Wewe umebeba vya kutosha. Nitabeba mimi, na ukichoka njiani nitakubeba na wewe. Usinibishie, wifi. Ninaweza.

Wifi yako